Injini Niliyoipima kwa Obusuma

Krankshafti ile ililetwa gereji kwangu ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi la mtoto. Ndugu yangu aliiteremsha juu ya meza polepole, akaifunua, akarudi nyuma hatua moja ili niitazame vizuri. Ilikuwa imetoka kwenye injini kubwa kuliko ya gari lake, injini za ukoo mmoja, na alikuwa ameipakata kutoka Nairobi njia nzima.

"Dada, hii ndio itanimalizia hawa watu," akasema. Hata habari ya asubuhi hakuniuliza.

Mimi ni fundi wa magari hapa Kakamega, mwanamke, na nimechoka kulieleza hilo la pili. Nilisomea kazi hii chuo cha ufundi cha Sigalagala, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikifanya breki, klachi na oili. Wateja wananiamini kabisa, mpaka siku injini inapotaka kufunguliwa yote. Siku hiyo kila mtu anakumbuka kwamba ana binamu Nairobi. Ndugu yangu, ambaye ni kitinda mimba wetu, siku za kazi anaendesha pikapu ya kubebea majani chai Shinyalu. Siku za mashindano ana gari dogo la zamani la Kijapani, ambalo hulikimbiza kwenye mzunguko wa vumbi uliochongwa katika shamba la miwa lililolazwa, upande wa Mumias. Hao watu aliotaka kuwamaliza ni madereva wenzake. Injini zao zote zinafungwa Nairobi. Yeye alikuwa amesimama mbele yao akatangaza kwamba yake itafungwa na dada yake, na kila kipande kitachaguliwa na dada yake. Wawili kati yao walisema ikimaliza mashindano salama, wataniletea zao. Ikivunjika, yeye ndiye atakayekuwa amekaa ndani ya gari, na mimi nitafanya breki na oili mpaka nizeeke.

Basi nikafunga kibwebwe.

Kwa asiyejua injini, mtazame mtu akipanda kilima kwa baiskeli. Goti linapanda na kushuka: hilo ndilo pistoni. Mguu kutoka gotini hadi kwenye unyayo ndio konrodi. Mkono wa pedali unaozunguka chini ndio krankshafti. Ukirefusha mkono wa pedali, mtu anapata nguvu zaidi ya kusukuma, lakini goti nalo linapanda juu zaidi, na usipopunguza kitu mahali pengine litampiga kidevuni. Kazi ya kuchagua vipande hivi vitatu ni hiyo tu, kuhakikisha goti halifiki kidevuni. Wengi wanadhani ni kazi ya kununua vitu vya bei. Mimi nasema ni hesabu ya kujumlisha ya darasa la pili, na inashinda watu wazima.

Bloki ya ndugu yangu, kutoka katikati ya krankshafti hadi juu, ina milimita mia mbili na kumi na sita. Humo ndani lazima zitoshe namba tatu: nusu ya mwendo wa krankshafti, urefu wa konrodi, na kimo cha pistoni kutoka kwenye pini yake hadi utosini. Krankshafti yake ya zamani ilikuwa thelathini na tisa, konrodi mia moja arobaini, pistoni thelathini na saba. Jumlisha. Hii mpya ilikuwa arobaini na tatu. Ukiweka na vile vingine vilivyobaki, pistoni inachomoza nje ya bloki kwa milimita nne.

"Si tutaweka tu konrodi fupi?" ndugu yangu akasema. "Kuna mtu Kisumu ako nazo. Mia moja thelathini na sita. Inaingia sawasawa."

"Hata wewe ukikunjwa unaingia kwa debe. Utatembea ukiwa humo?"

Akatoa simu kunionyesha jamaa mmoja wa ng'ambo aliyefanya vivyo hivyo, gari likitoa moshi wa magurudumu na watu wakipiga makofi. Sina ugomvi na simu. Nina ugomvi na watu wanaoona dakika nne za injini ikinguruma, wasione saa ilipofunguliwa wiki iliyofuata. Konrodi ikiwa fupi inalala zaidi kila inapozunguka, na ikilala inaisukuma pistoni ubavuni, na pistoni inaanza kula ukuta wa silinda. Nimefungua trekta za miwa ambazo silinda zake zilikuwa zimekuwa na umbo la yai kwa sababu hiyo. Nikamwambia krankshafti yake ndefu tutaiweka, kwa sababu mzunguko wao ni kona baada ya kona kwenye udongo, na anahitaji nguvu ya kutoka kwenye kona, si mbio za lami iliyonyooka. Konrodi za mia moja arobaini zitabaki. Kitakachobadilika ni pistoni. Nataka ya thelathini na tatu, iliyofuliwa kwa nyundo ya mtambo, si ya kumiminwa kama sufuria.

"Na tutatoa wapi?"

"Hiyo ni shida yangu. Wewe enda ubebe majani chai."

Ilinichukua wiki tatu. Nilizikuta Kisumu, zote nne zikiwa bado ndani ya boksi lao, mali ya mtu aliyeanza kujenga injini akaishiwa na hamu. Zilikuwa za thelathini na tatu kamili, ngumu, upana uleule tuliotaka. Zilikuwa na jambo moja tu. Utosi wake ulikuwa umeinuka, na vile vishimo vinavyochongwa juu ili vali, ile milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, zisigonge pistoni vilikuwa vimechongwa kwa ajili ya vali za injini nyingine. Nikajua tangu siku hiyo kwamba hapo ndipo pa kuangalia. Nataka hilo lieleweke. Sikusahau, wala sikuwa sijui.

Nilifanya kila kitu kwa umakini ambao hata mimi ulinishangaza. Pistoni nilizipeleka kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu kwenye njia ya Shinyalu, maana hakuna mizani mjini inayosema ukweli kama ya mtu anayenunua dhahabu. Akazipima moja moja bila kuniuliza ni nini, huku wachimbaji wawili wenye matope hadi magotini wakisubiri zamu yao. Nzito zaidi ilizidi nyepesi kwa gramu mbili na nusu. Nikarudi nikakwangua kidogo kidogo kwa ndani hadi zote zikalingana, nikampelekea tena. Mara ya tatu akaniambia, "Mama, kama hii ni dhahabu unaimaliza."

Bloki nayo niliipeleka kwa mkerezaji, mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza nyuma ya soko, ambaye sikio lake la kushoto lilikufa zamani kwa kelele. Akapanua silinda, akapima na kimo cha bloki, akaniita karibu na sikio zima.

"Hii mtu alishainyoa juu zamani. Tatu ya kumi ya milimita imeenda."

Kumbe bloki haikuwa na mia mbili na kumi na sita. Nikabadilisha gasketi, ule utandu unaolazwa juu ya bloki, nikaweka nene zaidi ili kufidia. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Nilijiona mtu asiyeweza kudanganywa na chuma.

Ikabaki vali. Namna ya kupima nafasi kati ya vali na pistoni ni ya kitoto: unaweka donge la kitu laini juu ya pistoni, unafunga silinda hedi, kile kifuniko cha juu kinachobeba vali, unazungusha injini kwa mkono mara mbili, unafungua. Vali inakuwa imelifinya lile donge, na unene uliobaki pale pembamba ndio nafasi yako. Isipungue milimita mbili. Mimi hutumia plastisini ya watoto wa nasari. Siku hiyo nilipolifungua kopo lake nikakuta imekauka, inakatika kama chaki. Duka la vitabu liko mjini, dakika kumi na tano kwa boda. Lakini mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu ya saa nane, isiyosikiliza mtu, na ndugu yangu alikuwa amepiga simu mara tatu akiuliza kama nimefunga.

Senje, shangazi yetu upande wa baba, ana kibanda cha chakula kinachopakana na gereji yangu. Akaniletea chakula changu chini ya mwavuli: mboga za kienyeji na obusuma, ule ugali wake wa muhogo na wimbi ambao watu hutoka ofisi za kaunti kuufuata. Nikaumega. Nikautazama. Ulikuwa laini, ulikuwa mzito, haukushika vidole. Nikapaka donge oili kidogo nikaliweka juu ya pistoni.

"Ati injini pia inakulanga?" senje akauliza.

"Leo inakula," nikamjibu, na tukacheka wote wawili.

Nikafunga, nikazungusha, nikafungua, nikalikata donge katikati kwa wembe, nikapima. Vali ya kuingiza ilisema mbili nukta saba. Ya kutoa moshi ikasema mbili nukta tatu. Safi. Nikapangusa, nikafunga injini, na nikamaliza kula.

Injini iliwaka mara ya kwanza tulipoiwasha. Ndugu yangu alisimama pale ameziba mdomo kwa mkono, na machozi yakamlengalenga, akasingizia moshi. Kwa wiki moja alikuwa akiizoesha taratibu barabara ya Shinyalu, injini ikizunguka chini ya mara elfu tatu na mia tano kwa dakika kama nilivyomwagiza, na kila akipita mbele ya gereji anapiga honi. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kazini. Nilikuwa nimeshaanza kupanga mahali pa kuziweka zile injini mbili zitakazokuja.

Alhamisi, saa za chakula, senje akaniletea sahani. Nilikuwa nikimsikiliza akisimulia jambo la kanisani kwao, na bila kufikiri nikabonyeza donge la obusuma kwa kidole gumba, kama mtu anavyofanya kabla ya kuchovya mchuzi. Nikaacha. Kile kishimo cha kidole kikaanza kupanda. Kilipanda polepole, kikaja juu mpaka kikabaki nusu ya kina chake, na hapo kikatulia.

Nikabonyeza tena. Kikapanda tena.

Senje alikuwa anaongea lakini sikumsikia tena. Niliinuka na sahani yangu nikaenda kwenye vaisi, lile koleo la mezani la kubania chuma. Nikapanga taya zake kwa vile vibamba vya kupimia hadi zikaachana milimita moja kamili, nikaweka alama. Nikatia donge lililopakwa oili, nikakaza hadi kwenye alama, nikafungua, nikalikata na kulipima. Moja nukta tisa. Nikarudia. Moja nukta nane. Nikarudia mara tano, nikamaliza chakula changu chote kwenye vaisi, na hakuna hata mara moja donge lilipobaki milimita moja. Ugali wa mahindi matupu huenda ungebaki ulivyofinywa. Wa muhogo unavutika na kurudi, na hilo nimelijua tangu nikiwa mtoto nikipigwa vidole kwa kuuchezea. Yaani mbili nukta tatu yangu ilikuwa uongo. Nafasi halisi inaweza kuwa milimita moja na kitu, na inaweza kuwa chini ya hapo.

Nieleze kwa nini niliogopa. Injini ikizunguka taratibu, milimita moja inatosha, vali inapita na kurudi salama. Ndiyo maana iliimba vizuri wiki nzima. Lakini ikifika elfu sita, elfu saba, konrodi inarefuka kidogo kwa uzito wa pistoni, vali nayo inachelewa kurudi, na ile milimita inaisha. Vali inagonga pistoni, shingo inakatika, kichwa chake kinaanguka ndani na injini inakwama ghafla. Gari linakimbia, magurudumu ya nyuma yanafungwa, katikati ya kona. Ndani yake kuna mtoto wa mama yangu.

Sitajifanya malaika. Nilikaa juu ya tairi na nikatunga uongo mzuri. Nitampigia simu, nitamwambia injini bado mpya, asivuke elfu tano na nusu Jumamosi hii. Atalalamika lakini atatii, atamaliza wa nne au wa tano, na wiki ijayo nitaifungua kimyakimya nikisema naangalia beringi. Hakuna atakayejua. Nilichukua simu mkononi. Kisha nikamwona ndugu yangu kwenye usukani, mtu amempita, mguu wake wa kulia. Namjua huyo. Hangekumbuka elfu tano na nusu yangu hata kwa sekunde mbili.

Nikapanda boda hadi Shinyalu.

Nilimkuta nje ya nyumba yake anaosha gari, ameshabandika namba za mashindano milangoni. Alifurahi kuniona. Nikamwambia moja kwa moja, nikiwa bado nimesimama, kwamba nilipima vali vibaya na injini lazima ifunguliwe.

"Vibaya aje?"

"Plastisini ilikauka. Nilitumia obusuma."

Akasubiri nicheke. Nilipokosa kucheka akatupa kitambaa ndani ya ndoo.

"Wewe ulipima injini yangu na obusuma."

"Ndiyo."

"Ya senje."

"Ndiyo."

Akazunguka gari lote, akarudi pale pale. "Na mi nimeambia watu wote ni sister yangu. Watu wote, dada. Wale wa Nairobi wako njiani na magari kwa lori saa hii." Akatazama boneti. "Na kama haigongi? Si inaweza kuwa haigongi?"

"Inaweza."

"Basi?"

"Basi sijui. Na ukiniuliza utakaa ndani ya kitu ambacho mimi sijui, jibu langu ni hapana."

"Gari ni yangu," akasema. "Nitakimbia nayo hivyo hivyo. Hutaki, usikuje kuona."

Nikamwambia sawa. Nikafungua boneti, nikachomoa waya mnene wa koili, ambao bila huo gari haliwaki, nikautia ndani ya mkoba wangu na kufunga zipu. Alinitazama nikifanya hivyo. Ananizidi kimo kwa kichwa kizima, na angeweza kuninyang'anya bila jasho. Badala yake alikaa chini kwenye majani yenye maji ya sabuni na kushika kichwa. Niliumia kumwona hivyo, na nilimwonea hasira pia, na zaidi ya yote nilijionea hasira mwenyewe. Nikamwambia atafute mtu wa kulivuta gari hadi gereji asubuhi na mapema. Kisha nikarudi barabarani kwa miguu, maana nilikuwa nimesahau kumwambia mtu wa boda anisubiri.

Njiani nilisimama Ilesi, pale akina mama wanapofinyanga vyungu kando ya barabara, nikaomba donge la udongo ambao haujachomwa. Yule mama akaniuliza nataka kufinyanga nini. Nikasema nataka kupima. Akanipa donge la ukubwa wa ngumi, akalifunga kwa jani la mgomba. Nililibonyeza kwa kidole gumba njia nzima. Kishimo kilibaki pale pale nilipokiacha.

Ijumaa saa nne asubuhi silinda hedi ilikuwa mezani. Ndugu yangu alisimama upande wa pili wa meza, mikono kifuani. Niliweka udongo, nikafunga, nikazungusha mara mbili, nikafungua. Nikamwita aje akate yeye. Akakata kwa wembe na kupima kwa mkono wake, nami nikatazama kando, kwa sababu nusu yangu iliomba iwe namba nzuri, na nusu nyingine, ile ya kiburi, iliomba iwe mbaya ili nisionekane nimemharibia Jumamosi bure. Nimewahi kuungama hilo kanisani na bado halijaniisha.

"Moja," akasema. Akahamia ya kutoa moshi. Akapima mara mbili. "Sifuri nukta nane."

Senje alikuwa mlangoni na taulo begani. Ndugu yangu aliweka kalipa, kile kipimio cha taya mbili, chini polepole sana.

Vishimo kwenye pistoni vilipaswa kuchongwa zaidi. Mkerezaji alipima unene wa utosi akaridhika kwamba nyama ya kuchonga ipo, kisha akaanza na pistoni ya kwanza. Saa nane stima ikapotea mtaa mzima. Ikarudi jioni, ikapotea tena. Mpaka Jumamosi asubuhi pistoni mbili zilikuwa tayari, na mbili bado. Kule upande wa Mumias magari yalikuwa yanajipanga.

Ndugu yangu alikuja gereji siku hiyo. Sikumtarajia. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akipokea simu, na kila anayempigia alimwambia maneno yale yale: gari limefunguliwa, dada amepata kosa. Hakusema kosa la nani. Lakini senje ana wateja, na senje ana mdomo, na kufikia mchana wateja hao walikuwa wakija kula huku wakichungulia kwangu. Mmoja akauliza kwa sauti kama leo injini zimeshashiba. Nilikufa kwa aibu. Niliendelea kuosha konrodi kwa petroli, moja baada ya nyingine, kila moja na kifuniko chake, na sikuinua uso. Saa kumi hivi akapigiwa simu ya mwisho, akasikiliza, akasema hongera. Alikuwa ameshinda mmoja wa wale wawili walioahidi kuniletea injini. Hajaniletea mpaka leo.

Pistoni zilikamilika Jumatano. Niliweka udongo juu ya zote nne, si moja tu, na vali zote nane zikapimwa, na nikaandika namba kwa chaki ukutani mahali ambapo kila anayeingia atazisoma. Iliyokaribia zaidi ilikuwa mbili nukta nne. Nikafunga injini. Nikaiwasha, nikakaza hedi upya ilipopoa, nikabadilisha oili. Hatukuwa tukizungumza sana mimi na ndugu yangu. Alikuwa akijibu ninachouliza, basi.

Jumapili, baada ya kanisa, alinipigia akaniambia nije kule shambani. Nilikuta mzunguko mtupu, nyasi zimelala kando, matairi ya zamani kwenye kona, na gari lake likiunguruma taratibu limeelekea njia. Alikuwa amevaa nguo za kanisani bado. Nikaenda dirishani nikidhani ananiita nisikilize sauti. Akafungua mlango akashuka.

"Ulisema mbili nukta nne," akasema.

"Nimeandika hata ukutani."

"Mi nimesoma." Akanipa helmeti. "Ingia wewe kwanza. Nataka uipeleke elfu saba, kwa kona ile ya mwisho, hapo penye ningekuwa."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania, wala hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kitu, na hakukuwa na njia ya kumjibu kwa mdomo. Nikakusanya rinda langu la kanisani chini ya mapaja, nikaingia. Helmeti ilikuwa kubwa, inanukia jasho lake. Akaninamia, akanifunga mikanda yeye mwenyewe, akakaza, akavuta tena kuona kama imeshika. Kisha akatembea hadi ndani ya ile kona ya mwisho, akasimama kando ya matairi.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda polepole, nikisikiliza. Wa pili nikapandisha hadi elfu tano. Nilikuwa na hofu, hofu ya kweli. Kila namba niliyoandika ukutani nilikuwa naipima upya kichwani: udongo, wembe, kalipa, vali ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wa tatu nikatoka kwenye kona ya chini na gia ya tatu, nikakanyaga. Elfu tano na nusu. Elfu sita. Sauti ikapanda mpaka nikaisikia kwenye meno. Nilimwona ndugu yangu mbele kwenye kona, ameshika mikono nyuma, hajasogea. Elfu sita na nusu. Mshale ukafika saba, na sikutoa mguu.